Kununua nyumba Kariakoo: Kodi na ada zinazomsubiri mnunuzi

BEI inayotajwa na dalali katika Mtaa wa Sikukuu, Livingstone au Msimbazi huwa si bei ya mwisho. Nyuma yake kuna ushuru wa stempu, kodi ya mapato inayomhusu muuzaji, ada za uthamini na usajili, malipo ya wakili, ujira wa dalali, na pengine malimbikizo ya pango la ardhi ambayo hayakutajwa na mtu yeyote siku ya kuoneshwa nyumba.

Wanunuzi wengi wa Kariakoo, Gerezani, Kisutu na Upanga hulifahamu jambo hilo wakiwa wamekwisha kulipa. Fedha zimetoka, funguo zimepokelewa, lakini jina lililomo katika daftari la Msajili wa Hati bado ni la mtu mwingine.

Hapo ndipo ilipo hatari yenyewe. Kwa mujibu wa sheria ya usajili wa ardhi, uhamisho wa nyumba yenye hati haukamiliki kwa kusainiana mkataba wala kwa kukabidhiana funguo, bali kwa kusajiliwa. Na usajili haufanyiki hadi kodi zinazostahili ziwe zimelipwa.

Makala haya yanaeleza malipo hayo moja baada ya jingine: ni ya nini, hulipwa na nani, hukokotolewa vipi, na mahali ambapo wanunuzi wengi hujikwaa.

Kinachonunuliwa ni nini hasa

Tanzania Bara hakuna mtu anayemiliki ardhi moja kwa moja. Umiliki huru ulioachwa na wakoloni ulibadilishwa kisheria mwaka 1963 kuwa upangaji wa serikali, na mwaka 1969 ukageuzwa tena kuwa haki ya kumiliki kwa muda.

Sheria ya Ardhi Namba 4 ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika Mei 1, 2001, imeshikilia msingi huohuo. Ardhi yote ni mali ya umma chini ya udhamini wa Rais, na mwananchi hupewa haki ya kuitumia kwa kipindi kisichozidi miaka 99.

Kwa hiyo anayenunua nyumba Kariakoo hununua muda uliobaki katika hati, pamoja na jengo lililosimama juu ya kiwanja. Hati yenye miaka michache iliyosalia haina thamani sawa na ile ambayo muda wake ndiyo kwanza umeanza, hata kama majengo mawili yanafanana kwa kila kitu.

Mtu asiye raia wa Tanzania hawezi kununua kwa utaratibu huu. Sheria hiyo inamruhusu kupata haki ya ardhi kwa ajili ya uwekezaji tu, kupitia mamlaka ya serikali inayosimamia uwekezaji. Kutumia jina la raia kama kivuli ni kumkabidhi mtu huyo mali yote kisheria.

Ni lazima pia kutofautisha ununuzi wa nyumba na kile kinachoitwa kilemba. Katikati ya jiji, majengo mengi yalitaifishwa kwa sheria ya mwaka 1971 iliyohusu majengo yenye thamani ya Sh. 100,000 na zaidi, na baadaye yakawa chini ya Shirika la Nyumba la Taifa.

Mpangaji anayepokea mamilioni ya kilemba ili aondoke katika fremu ya duka au katika nyumba ya shirika huwa hauzi umiliki. Anauza nafasi ya kupanga, ambayo mara nyingi mkataba wake haumruhusu kuihamisha bila idhini ya mwenye jengo. Malipo hayo hayaandikwi katika daftari la ardhi, na anayeyatoa hapati hati yoyote.

Hatua ya kwanza: Upekuzi

Kabla ya kutoa hata shilingi moja ya kishika uchumba, mnunuzi au wakili wake huomba upekuzi rasmi katika Ofisi ya Msajili wa Hati. Ada yake ni ndogo mno ikilinganishwa na bei ya nyumba yoyote ya Kariakoo, na ndiyo fedha inayotumika vizuri kuliko zote katika safari nzima.

Majibu ya upekuzi huonesha jina la mmiliki aliyesajiliwa, namba ya hati, kitalu na kiwanja, muda wa umiliki, na kama kuna rehani ya benki, zuio la mtu mwenye madai, au amri ya mahakama.

Kariakoo ni eneo la kale. Ramani ya mitaa yake iliyonyooka ilianza kupangwa wakati wa Wajerumani, na jina lenyewe limetokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza waliopiga kambi hapo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Viwanja vingi vimepita katika mikono ya vizazi vitatu au vinne vya familia moja.

Matokeo yake ni kwamba mara nyingi jina lililomo katika hati ni la marehemu. Watoto na wajukuu wanaoishi katika nyumba hiyo, hata wakiwa wote wamekubaliana, hawawezi kuiuza kabla mahakama haijamteua msimamizi wa mirathi na kabla msimamizi huyo hajasajiliwa katika hati.

Mnunuzi anayelipa kwa warithi wasiokuwa na msimamizi amelipa kwa watu ambao kisheria hawana cha kuuza. Mrithi mmoja aliyeachwa nje, hata kama anaishi mbali, anatosha kusimamisha kila kitu.

Aidha, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamzuia mwanandoa kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Ridhaa hiyo ni vyema iwe ya maandishi na iambatanishwe na mkataba.

Uthamini: Bei ambayo serikali itaiamini

Baada ya mkataba, nyumba hufanyiwa uthamini na mthamini aliyesajiliwa kwa mujibu wa sheria ya uthamini ya mwaka 2016. Taarifa yake hupelekwa kwa Mthamini Mkuu wa Serikali ili iidhinishwe.

Taarifa hiyo ndiyo huwapa maofisa wa kodi kipimo cha kulinganisha na bei iliyoandikwa katika mkataba. Iwapo bei ya mkataba ni ndogo kuliko thamani iliyoidhinishwa, kodi hukokotolewa kwa thamani iliyoidhinishwa.

Mthamini hulipwa na aliyemwita, na kuna ada ya serikali ya kuidhinisha taarifa. Ni busara mkataba useme wazi nani atabeba gharama hiyo.

Ushuru wa stempu

Hili ndilo deni kubwa la mnunuzi kwa serikali. Kwa hati ya uhamisho wa nyumba au kiwanja cha mjini, ushuru wa stempu ni asilimia 0.5 kwa Sh. 100,000 za mwanzo na asilimia 1 kwa kiasi kinachozidi hapo.

Kwa nyumba ya Sh. milioni 600, ushuru huo ni Sh. 5,999,500. Kwa hesabu ya haraka, ni asilimia moja ya bei.

Ushuru hulipwa kwa Mamlaka ya Mapato Tanzania, TRA, ndani ya siku 30 tangu hati kusainiwa. Kuchelewa huleta adhabu. Lakini kubwa kuliko adhabu ni kwamba hati isiyolipiwa stempu haipokelewi kama ushahidi mahakamani hadi deni lake lilipwe.

Hii ina maana kwamba mtu aliyefungia mkataba wake sandukuni kwa miaka 10 ili kukwepa ushuru hugundua siku ya ugomvi kwamba karatasi aliyoitegemea haiwezi kusema lolote mbele ya hakimu.

Ikilinganishwa na majirani, kiwango cha Tanzania ni cha chini. Nchini Kenya, ushuru wa stempu kwa mali iliyoko mjini ni asilimia 4, na vijijini asilimia 2. Uganda hutoza asilimia 1.5.

Kwingineko duniani utaratibu hutofautiana hata ndani ya nchi moja. Nchini Uswisi, kwa mfano, kila jimbo hujiamulia: Zürich ilifuta kodi ya kuhamisha umiliki tangu mwaka 2005, wakati majimbo mengine yanaendelea kuitoza. Hata hivyo, Zürich haikufuta kodi ya faida anayoipata muuzaji.

Kodi ya ongezeko la mtaji

Jina la kodi hii huwachanganya wengi, kwa kuwa linafanana na Kodi ya Ongezeko la Thamani, yaani VAT. Ni vitu viwili tofauti kabisa.

Kodi ya ongezeko la mtaji ni sehemu ya kodi ya mapato, chini ya sheria ya mwaka 2004. Hutozwa kwa muuzaji, na hutozwa kwenye faida, si kwenye bei yote. Kwa mkaazi wa Tanzania kiwango chake ni asilimia 10 ya faida. Asiye mkaazi hutozwa zaidi.

Faida hupatikana kwa kuchukua bei ya kuuzia na kuondoa gharama: bei ya kununulia, gharama za ujenzi na ukarabati ulioongeza thamani, pamoja na gharama za mauzo yenyewe kama wakili na dalali.

Chukua mfano wa nyumba iliyonunuliwa kwa Sh. milioni 420, ikafanyiwa matengenezo makubwa ya Sh. milioni 80, kisha ikauzwa kwa Sh. milioni 600. Faida ni Sh. milioni 100, na kodi ni Sh. milioni 10.

Tatizo la Kariakoo ni kumbukumbu. Nyumba iliyojengwa na babu haina stakabadhi ya saruji wala ya mabati. Kwa mkaazi asiyekuwa na kumbukumbu za gharama, sheria imeweka njia nyingine: asilimia 3 ya bei ya kuuzia au ya thamani iliyoidhinishwa, yoyote iliyo kubwa.

Kwa nyumba hiyohiyo ya Sh. milioni 600, njia hii inafikisha kodi Sh. milioni 18. Muuzaji aliyetunza stakabadhi zake amelipa Sh. milioni 10. Tofauti ya Sh. milioni 8 ni gharama ya bahasha ya karatasi iliyotupwa.

Upo msamaha kwa nyumba ya kuishi. Mtu aliyeimiliki nyumba kwa miaka mitatu au zaidi mfululizo, na kuishi humo kwa jumla ya miaka mitatu au zaidi, hatozwi kodi hii iwapo faida yake haizidi Sh. milioni 15. Kwa bei za Kariakoo, wanaonufaika na msamaha huo ni wachache.

Msamaha mwingine huhusu ardhi ya kilimo yenye thamani ya chini ya Sh. milioni 10, ambao haugusi viwanja vya katikati ya jiji.

Kodi ya muuzaji, mzigo wa mnunuzi

Mnunuzi anaweza kuuliza kwa nini ajali kodi isiyokuwa yake. Jibu limo katika sheria yenyewe: Msajili hawezi kusajili uhamisho hadi aletewe cheti cha Kamishna wa kodi kinachothibitisha kwamba kodi hiyo imelipwa, au kwamba hakuna kodi inayodaiwa.

Muuzaji akishapokea fedha zote hana tena haraka. Anaweza kusafiri, kugawana fedha na ndugu zake, au kudai kwamba bei waliyokubaliana ilikuwa ya kuingia mkononi bila makato. Anayebaki na nyumba isiyosajilika ni mnunuzi.

Ndiyo maana katika mauziano mengi ya Dar es Salaam mnunuzi hujikuta akilipa kodi zote mbili: ushuru wa stempu ulio wake na kodi ya mapato ya mtu aliyemuuzia.

Kinga yake ni rahisi, lakini lazima iwekwe kabla ya malipo. Mkataba utamke nani analipa kodi ipi, na sehemu ya bei inayotosha kulipia kodi ya muuzaji ibaki mikononi mwa wakili hadi cheti kitoke. Muuzaji mwenye nia njema huwa hana sababu ya kukataa.

Mtego wa mikataba miwili

Zipo pande mbili za mkataba ambazo huandika bei mbili. Mkataba wa kweli hubaki mfukoni, na mwingine wenye bei ndogo hupelekwa serikalini.

Mnunuzi huambiwa kwamba njia hiyo inamsaidia yeye. Hesabu zinaonesha kinyume chake.

Tuseme nyumba ya Sh. milioni 600 imeandikwa Sh. milioni 350. Mnunuzi ameokoa ushuru wa stempu wa Sh. milioni 2.5. Muuzaji aliyetumia Sh. milioni 500 kuipata ameonekana hana faida kabisa, hivyo ameokoa Sh. milioni 10.

Miaka michache baadaye mnunuzi anataka kuuza kwa Sh. milioni 700. Kama angeandika bei ya kweli, faida yake ingekuwa Sh. milioni 100 na kodi Sh. milioni 10. Kwa kuwa karatasi zake zinasema alinunua kwa Sh. milioni 350, faida inahesabiwa kuwa Sh. milioni 350, na kodi Sh. milioni 35.

Aliyeokoa Sh. milioni 2.5 anatozwa Sh. milioni 25 za ziada. Kodi aliyoikwepa muuzaji wa kwanza haikufutika, bali imehamia kwa mnunuzi ikiwa imeongezeka.

Isitoshe, iwapo mauziano yatavunjwa mahakamani, bei itakayorejeshwa ni ile inayoweza kuthibitishwa kwa maandishi. Na iwapo Mthamini Mkuu ataidhinisha thamani ya juu, udanganyifu wenyewe hauleti nafuu yoyote, kwani kodi itakokotolewa kwa thamani hiyo. Kutoa taarifa za uongo kwa mamlaka ya kodi ni kosa la jinai.

VAT kwa majengo mapya

Nyumba ya kuishi iliyokwisha kutumika haitozwi VAT inapouzwa. Kiwanja kitupu nacho hakitozwi. Lakini mauzo ya kwanza ya nyumba mpya ya kuishi, pamoja na mauzo ya majengo ya biashara yanayofanywa na mtu aliyesajiliwa kwa kodi hiyo, kwa kawaida hubeba asilimia 18 chini ya sheria ya mwaka 2014 iliyoanza kutumika Julai 1, 2015.

Jambo hili ni kubwa kwa wanaonunua sehemu za ghorofa zinazoendelea kuota Kariakoo na Upanga. Ghorofa ikitangazwa kwa Sh. milioni 300, swali la kwanza ni kama bei hiyo ina VAT ndani yake au haina. Jibu laweza kuongeza Sh. milioni 54.

Kununua sehemu ya ghorofa

Sheria ya umiliki wa sehemu za majengo ya mwaka 2008 ilifungua njia ya mtu kuwa na hati ya chumba, ofisi au ghorofa moja ndani ya jengo la watu wengi. Kila mwenye sehemu humiliki pia fungu la maeneo ya pamoja: ngazi, lifti, paa na ardhi iliyo chini.

Kodi za ununuzi ni zilezile, lakini huongezeka michango ya kila mwezi ya chama cha wamiliki kwa ajili ya ulinzi, usafi, maji na matengenezo ya lifti.

Kabla ya kulipa, mnunuzi athibitishe kwamba ramani ya mgawanyo wa jengo imesajiliwa. Kama haijasajiliwa, hakuna hati ya sehemu inayoweza kutolewa, na alichonacho mnunuzi ni ahadi ya mjenzi tu.

Vilevile aombe kuona kibali cha ujenzi na idadi ya ghorofa zilizoidhinishwa. Machi 29, 2013 jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa karibu na Mtaa wa Indira Gandhi liliporomoka na kuua watu 36. Novemba 16, 2024 jengo jingine la ghorofa lilianguka katika mitaa ya Mchikichi na Kongo, Kariakoo, na zaidi ya watu 25 wakapoteza maisha.

Hakuna kodi wala ada inayoweza kulinganishwa na hasara hiyo. Gharama ya mhandisi wa kukagua jengo kabla ya ununuzi inastahili kuwamo katika bajeti ya kila mnunuzi wa katikati ya jiji.

Kibali, usajili na wakili

Uhamisho hufanyika kwa fomu maalumu za ardhi. Fomu Namba 29 humtaarifu Kamishna wa Ardhi kuhusu mauziano, Namba 30 huomba idhini yake, na Namba 35 ndiyo hati yenyewe ya uhamisho.

Pamoja nazo huambatanishwa hatimiliki halisi, mkataba, taarifa ya uthamini, vitambulisho na namba za mlipakodi za pande zote mbili, picha zao, na stakabadhi za pango la ardhi. Ada za kibali na za usajili zimepangwa na kanuni za wizara na hubadilishwa mara kwa mara, hivyo hesabu ya uhakika ni ile itakayoandikwa katika ankara ya ofisi ya ardhi.

Malipo yote ya serikali hufanywa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, ambayo mitaani huitwa kontroo namba, kupitia benki au simu. Ofisa anayeomba fedha taslimu mkononi haombi kwa niaba ya serikali.

Malipo ya wakili huongozwa na amri ya mwaka 2015 kuhusu malipo ya mawakili, na hujadiliwa kabla ya kazi kuanza. Muhimu ni kila upande kuwa na wakili wake. Wakili mmoja anayewahudumia muuzaji na mnunuzi huokoa fedha kidogo siku ya mkataba, lakini siku ya mgogoro kila upande hujikuta hauna mtetezi.

Dalali na ofisi ya mtaa

Ujira wa dalali ni mapatano. Kwa kupanga, desturi ya jiji ni kodi ya mwezi mmoja. Kwa kuuza, madalali hutaja baina ya asilimia 5 na 10 ya bei, na kwa mali za mamia ya mamilioni kiwango hicho hushushwa kwa mazungumzo. Kwa desturi hulipwa na muuzaji, ila baadhi ya madalali hudai pande zote mbili.

Zipo pia ofisi za mitaa ambazo zimekuwa zikidai asilimia 10 ya bei ili kushuhudia mauziano. Viongozi wa Wizara ya Ardhi, Nyumba na Maendeleo ya Makazi wamekwisha kulikemea jambo hilo na kueleza kwamba halina msingi wa kisheria.

Kwa nyumba yenye hati, ushahidi unaohitajika ni wa wakili na wa ofisi ya ardhi. Mnunuzi anayedaiwa asilimia hiyo ana haki ya kuuliza imetajwa katika sheria gani, na kudai stakabadhi ya serikali.

Gharama zisizoisha baada ya kununua

Jina likishaingia katika hati, mmiliki mpya huanza kubeba malipo ya kila mwaka. La kwanza ni pango la ardhi, ambalo hukokotolewa kwa ukubwa wa kiwanja, eneo na aina ya matumizi. Kiwanja cha biashara Kariakoo hulipiwa zaidi kuliko cha makazi chenye ukubwa uleule.

Asiyelipa hutozwa adhabu na, akiendelea kukaidi, anaweza kufutiwa umiliki. Malimbikizo ya mmiliki wa zamani huzuia uhamisho, kwa hiyo yamalizwe na muuzaji kabla ya fedha zote kutolewa.

La pili ni kodi ya majengo. Tangu Julai 2021 kodi hii hukatwa mtu anaponunua umeme kwa LUKU. Kuanzia Julai 2023, nyumba ya kawaida hulipiwa Sh. 1,500 kwa mwezi, sawa na Sh. 18,000 kwa mwaka, na kila ghorofa katika jengo la mjini hulipiwa Sh. 7,500 kwa mwezi, sawa na Sh. 90,000 kwa mwaka.

Kwa kuwa mita nyingi za Kariakoo zimo mikononi mwa wapangaji, kodi hiyo hukatwa kwa mpangaji ilhali mdaiwa wake kisheria ni mwenye nyumba. Mkataba wa kupanga useme namna atakavyorudishiwa.

La tatu ni kodi ya mapato ya pango. Mfanyabiashara anayepanga fremu hutakiwa kukata asilimia 10 ya kodi anayomlipa mwenye nyumba na kuiwasilisha TRA. Mkataba wa kupanga nao hulipiwa ushuru wa stempu wa asilimia 1 ya kodi ya mwaka.

Hesabu kwa ufupi

Kwa nyumba ya zamani ya Sh. milioni 600 yenye hati safi, mnunuzi aandae karibu Sh. milioni 6 za ushuru wa stempu, na juu yake uthamini, ada za kibali na usajili, wakili, na ukaguzi wa mhandisi.

Muuzaji aandae asilimia 10 ya faida, au asilimia 3 ya bei iwapo hana kumbukumbu, pamoja na malimbikizo yote ya pango la ardhi na ujira wa dalali.

Utaratibu salama una hatua sita zinazofuatana: upekuzi, uhakiki wa mmiliki, mwenza wake au msimamizi wa mirathi, mkataba wa maandishi wenye bei ya kweli, uthamini, malipo ya kodi na kupata cheti cha TRA, kisha usajili. Salio la mwisho la bei hutolewa wakati maombi ya usajili yamekamilika, si kabla ya hapo.

Familia nyingi za Dar es Salaam hununua nyumba mara moja tu katika maisha. Fedha zake huwa ni za kiinua mgongo, za duka lililofanya kazi miaka 20, au za ndugu waliochanga kutoka mbali. Mali ya namna hiyo hailindwi na ukarimu wa muuzaji wala ahadi za dalali. Hulindwa na jina lililoandikwa katika daftari la Msajili, na kodi zilizoelezwa hapa ndizo gharama ya kuliingiza jina hilo.